Waja leo, waondoka leo: neno langu juu ya kibali cha muda

Jeneza la baba lilitoka nyumbani kwetu Makorora baada ya sala ya Adhuhuri. Niliona linapita mlangoni kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameshika simu, mkono unamtetemeka, na sauti za kina mama waliojaa ukumbini zikanifikia Leicester, Uingereza, kwa vipande vipande, mtandao unakata na kurudi. Huko kwangu ilikuwa bado asubuhi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sare ya kazi ingali mwilini.

Maziko yetu hayasubiri ndege, hilo nalijua, na hata ningekuwa na tiketi mkononi nisingewahi. Kinachoniuma hadi leo ni hitima ya arobaini, ambayo ningeweza kuiwahi. Ilikuwa Januari 2023. Kibali changu cha miaka 3 kilikuwa kinafikia mwisho na nilikwisha kupeleka maombi ya kuongeza muda. Kanuni ya Uingereza iko wazi: ukitoka nje ya nchi maombi yako yakiwa hayajajibiwa, yanahesabika kwamba umeyaondoa mwenyewe. Ningekuja Tanga kumlilia baba, kisha ningeanza upya karatasi zote nikiwa huku, na mwajiri asingekuwa na wajibu wa kuningojea. Nikabaki. Majibu yalitoka arobaini ikiwa imeshapita.

Nimerudi Tanga tangu 2024. Nina duka la dawa muhimu huku Mikanjuni, na karibu kila jioni binti wa kaka yangu anakuja kukaa nami barazani. Amemaliza uuguzi, amepata barua ya kazi kutoka hospitali moja Uingereza, mkataba wa miaka 3. "Shangazi, nisaini?" Mama yake, wifi yangu, anaona swali lenyewe halina maana: miaka mitatu ni nini, si kufumba na kufumbua? Kaka yangu hasemi kitu, na mimi najua ukimya wake una maana gani, maana yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea baba.

Nimefikiri sana juu ya jibu, na naona nililo nalo linawahusu wengi wanaoulizana swali hilohilo kwenye baraza zao. Kibali cha ukaazi wa muda ni karatasi nzuri kwa Mtanzania kuliko watu wanavyodhani. Ubaya wake upo, ila haupo pale tunapoulaumu. Watu wanalaumu muda kuwa mfupi. Mimi nalaumu kamba.

Nianze na kamba. Kibali nilichokuwa nacho kilifungwa kwa mwajiri mmoja aliyenidhamini. Niliruhusiwa kuishi Uingereza kwa sababu nafanya kazi pale, kwa cheo kile. Kazi ikikatika, au mwajiri akinyang'anywa leseni ya kudhamini wageni, Uhamiaji wa kule hukufupishia kibali, na kwa kawaida unapewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au kufunga mizigo. Mtu asiyewahi kuishi hivyo hawezi kujua siku 60 zinavyomkalia kichwani hata pale kazi inapokwenda vizuri. Nilikubali zamu za usiku za Krismasi mbili mfululizo, na sababu haikuwa dini yangu. Nilipopangiwa wagonjwa wengi kupita kiasi sikuandika malalamiko, ingawa wauguzi wenyeji waliandika. Mwenzangu mmoja kutoka Zimbabwe, mlezi wa wazee, alifanya kazi miezi minne akikatwa mshahara kwa jina la "gharama za udhamini" ambazo hakupaswa kulipa, naye akanyamaza. Mwajiri wake alipofungiwa leseni, yeye ndiye aliyebaki kutafuta mahali pa kulala. Wahenga wa pwani walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kibali kilichofungwa kwa mtu mmoja ni nguo ya namna hiyo, na mwenye nguo anaweza kuidai siku ya shughuli.

Wanaokwenda Maskati wanaijua kamba hii kuliko mimi. Hapa Tanga hakuna mtaa usio na mtu aliyeko Oman au aliyerudi kutoka huko. Kuanzia Januari 2021 Oman iliondoa sharti la mfanyakazi aliyemaliza mkataba kupata barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani kabla ya kuhamia kwa mwingine. Ni hatua kubwa na iliwapa nafuu mafundi, madereva na wauza maduka. Lakini kazi za majumbani zimewekwa nje ya sheria ya kazi ya nchi ile, na mabinti zetu wengi wanaopanda ndege kwenda huko wanakwenda majumbani. Kwa hiyo binti akiniuliza kuhusu Maskati, swali langu la kwanza haliwi mshahara. Namuuliza pasi yake ya kusafiria itakaa kwa nani.

Sasa uzuri, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hausemwi.

Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu Mtanzania mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya aliyevuka Horohoro kuja kununua machungwa anaweza kuwa Mkenya na Mwingereza kwa wakati mmoja tangu katiba yao ya 2010. Mganda pia anaweza. Sisi hatuwezi. Kwa hiyo Mkenya na Mtanzania wakiwa Leicester na karatasi ileile, hawako mahali pamoja. Kwa Mkenya kibali cha muda ni ngazi tu, apande haraka afike juu, akifika hapotezi kitu. Kwa Mtanzania kila ngazi anayopanda inamsogeza karibu na siku atakayoambiwa achague.

Kibali cha muda hakikuambii uchague. Hakikuapishi kwa mfalme wa mtu. Unafanya kazi, unalipa kodi, watoto wako wanasoma shule za serikali za kule bila ada, na pasi yako ya Tanzania inabaki ileile. Kiwanja hiki cha Mikanjuni ninachoandikia nilikilipia kwa mshahara wa Leicester, na nilikipata kama raia, bila kupitia mlango wa mtu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, kwa kawaida asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Rafiki yangu tuliyesoma naye Usagara alichukua uraia wa Uingereza kwa sababu alichoka kuhesabu tarehe. Simlaumu hata kidogo, alikuwa na watoto watatu waliozaliwa kule na hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini alipokuja kugawana shamba la minazi la marehemu mama yake, alijikuta anaulizwa hati zake kama mgeni. Siku hizi serikali yetu imekuja na hadhi maalumu kwa watu wa asili ya Tanzania walio ughaibuni. Ni jambo la heri, nalipongeza, lakini halimrudishii pasi wala kura.

Upo pia ukaazi wa kudumu, unaokaa katikati. Wenye vibali kama changu wamekuwa wakiuomba baada ya miaka 5, na Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuifanya 10 kwa wengi. Nao hauombi pasi yako. Ila ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo, ukaazi huo unakufa. Na ili uupate, hutakiwi uwe umekaa nje zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote. Mama akiugua kiharusi na ukataka kumuuguza mwenyewe, siku 180 zinaisha upesi.

Kuna jambo moja la fedha ambalo sikuelezwa na mtu, na limenigharimu. Kila mwezi nilikatwa mchango wa bima ya taifa kule Uingereza. Pensheni ya serikali yao inahitaji angalau miaka 10 ya michango ndipo upate hata kidogo. Mimi nina minne na ushei. Na huku nyumbani nilikatisha michango yangu siku nilipoacha kazi hospitalini, wakati mifuko yetu inataka miezi 180 ili mtu astahili pensheni ya uzee. Nimefanya kazi tangu nina miaka 23, zamu za usiku zisizohesabika, na kwenye pensheni za serikali huku na kule sijafika popote. Akiba ya pensheni ya kazini niliyochangia pamoja na mwajiri ipo, ni yangu, nitaidai umri ukifika. Lakini laiti mtu angeniambia mwaka 2020 kwamba naweza kuuliza mfuko wangu namna ya kuendelea kuchangia kwa hiari nikiwa nje, ningeuliza kabla sijafunga sanduku.

Watu wa Tanga tunapenda kuambiwa "waja leo, waondoka leo." Nimeisikia tangu utotoni, na nilipokuwa ughaibuni nilikuwa naikumbuka kila nilipofungua barua ya Uhamiaji wa kule. Mji huu umejengwa na watu wa karatasi za muda. Mkonge ulipoletwa mwaka 1893, mashamba yalikuwa na njaa ya mikono, na mikono ikaja: kutoka Kigoma, Songea, Urundi, Nyasa, Msumbiji. Manamba. Waliitwa hivyo kwa sababu mtu alikuwa namba. Walipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, kila siku inatiwa alama, na kadi isipojaa mshahara hautoki. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao, alitoka Msumbiji kwa mkataba, akiamini atarudi. Amezikwa Muheza. Wenzake waliovuka kwenda mashamba ya Kwale, upande wa pili wa mpaka, walizaa na kujukuu bila uraia wa Kenya, mpaka mwaka 2016 Wamakonde wa kule walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Nikiwaza hayo naona kwamba karatasi ya muda ikiwa na tarehe inayojulikana si kitu cha kuogopesha kama ile inayomwacha mtu akisubiri maisha yake yote.

Na kabla hatujawanyooshea kidole Waingereza, tujitazame. Binamu yangu ameolewa na Mkenya, fundi umeme mzuri sana, wanaishi Chumbageni na watoto wawili. Yule bwana amekuwa akihuisha karatasi zake mwaka hadi mwaka. Angekuwa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania, sheria yetu ingempa njia ya kuomba uraia kwa ndoa. Kwa kuwa ni mwanamume, njia hiyo haipo. Anachangia harambee zote za mtaa, anazika nasi, anasali nasi, na bado mkewe akisikia gari la Uhamiaji limepita anapiga simu kuuliza mumewe yuko wapi. Mimi nimeishi upande ule wa hofu. Sioni kwa nini mtu wa mlango wa pili aishi hivyo Chumbageni, kwenye mji ulioota kutokana na wageni. Sheria hii ibadilishwe, na nasema hivi kama mwanamke wa Tanga ambaye dada zake wanastahili kuolewa na wanayemtaka na kukaa naye kwao kwa amani.

Nirudi kwa binti yetu. Nimemwambia asaini, lakini baada ya kuusoma mkataba nami, mstari kwa mstari. Tumekuta kifungu kinachomtaka arudishe gharama za kumleta akiacha kazi kabla ya muda, na hakikutaja kiasi. Nimemwandikisha barua pepe kuuliza kiasi hicho kwa maandishi, na asisaini mpaka kijibiwe. Nimemwambia pia, na hapo wifi yangu alinuna, kwamba ahesabu miezi mitatu ya mwisho ya kila kibali kuwa miezi ya kutosafiri, na kwamba sisi wa huku tujue hivyo mapema, ili kukitokea msiba asije mtu akamsema kuwa ameona pesa tamu kuliko ndugu. Mimi nilisemwa. Maneno hayo niliyasikia mwenyewe kwenye simu iliyosahauliwa kukatwa.

Akauliza, "Na nikipenda kule, shangazi?" Nikamwambia akipenda abaki, ajue tu siku anayoamua, na aamue yeye, asije akaamuliwa na tarehe iliyoandikwa kwenye kibali.

Barua pepe imejibiwa juzi. Kiasi kimetajwa, na kinapungua kadiri miezi inavyokwenda. Jumatatu anapanda basi la alfajiri stendi ya Kange kwenda Dar es Salaam kupima kifua kikuu kwa ajili ya viza. Kaka yangu amesema atamsindikiza. Ni mara ya kwanza analizungumzia jambo hili tangu barua ya kazi ifike.