Nimeegemea gari, shemeji ananiuliza gari nitanunua lini

Jana jioni shemeji, huyu mdogo wake mama watoto, kafika nyumbani kanikuta nje nimeegemea gari yangu nakula njugu. Kasalimia vizuri, kauliza watoto, kauliza kazi, kauliza hata mguu wangu ule uliokuwa unauma, halafu bila aibu, "Na wewe shemeji, gari utanunua lini?" Nikageuka nyuma kuangalia labda imeibiwa. Iko. Nikaigonga bodi na vidole kidogo ili isikike. Akasema, "Hapana hiyo nimeiona. Mi naulizia GARI."

Watu wa Malaba, hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, mnisaidie. Sedani kama yangu, gari ya chini yenye buti nyuma, siku hizi si gari? Lini tulikaa kikao tukakubaliana? Maana naona kila mtu anajua isipokuwa mimi. Eti gari ni ile ambayo ukitaka kuingia unapanda. Yangu mimi unashuka ndio uingie, na kutoka unahitaji mtu wa kukuvuta mkono, lakini inawaka! Asubuhi inawaka!

Na mbaya zaidi kazi yangu mimi ni hizo hizo gari. Niko kwa kliaringi, kampuni ya kutoa mizigo forodhani, hapa mpakani, karani, kutwa nzima najaza makaratasi ya gari za watu, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, withholding, ile kodi ya zuio, 6, na ushuru wa mazingira kama gari yenyewe, mzee wa Kijapani, ameshazeeka. Napita mkono wangu kwenye Harrier, Forester, Prado, Vanguard, halafu saa kumi na moja natoka naingia uvunguni mwa dunia naenda nyumbani. Wakenya wanatuonea wivu kidogo kimya kimya, kwao gari ikizidi miaka nane haiingii, sisi sheria ya 2018 inaruhusu mpaka haijafika kumi na tano, kwa hiyo kuna gari inashuka meli Mombasa, inakatiza Kenya yote, Mkenya anaiangalia inapita mbele ya duka lake na hawezi kuigusa, mpaka ije kwetu. Sisi ndio tunaipokea, na shangwe, ina miaka kumi na mbili na tunaiita mpya.

Sasa jirani yangu kachukua SUV, hizo gari kubwa za kukaa juu, kutoka bondi, yadi ya gari za kuagizwa, kule Nakawa, Kampala. Sisemi ya aina gani. Iko kwa kompaundi imefunikwa turubai kama bibi harusi anasubiri kufunuliwa, na yeye kazini anaenda na boda. Kila asubuhi! Anatoka, anaizunguka, anapangusa kioo na mkono wa shati, halafu anaita boda. Petroli 2024 lita moja ilikuwa elfu tano na ushee, na hiyo injini yake ukiweka ya elfu ishirini inauliza "na chakula kiko wapi." Lakini nani anaheshimiwa kwa mtaa, mimi ninayeendesha au yeye aliyefunika? Askari wa geti harusini anamfungulia geti lote mpaka ukuta unatingishika, mimi ananionyesha na rungu kule kwenye boda na mbuzi.

Basi usiku usingizi ukakataa, nikaingia kwa simu kutafuta kama ni mimi peke yangu duniani. Afadhali ningelala. Shirika la kimataifa la nishati linasema mwaka 2023 karibu nusu ya gari mpya zote zilizouzwa duniani zilikuwa SUV, asilimia 48. Marekani ndio wamepotea kabisa, ukijumlisha SUV na pikapu na vani ni karibu asilimia 80 ya gari mpya, yaani sedani na wenzake wadogo wote wamebaki kugombania kikombe kimoja cha chai. Pikapu za Ford zile za F-Series zinaongoza pikapu zote kule tangu 1977. Na Ford hao hao, Aprili 2018 wakaamka wakatangaza kwamba Amerika Kaskazini sedani wanaziacha, wanabakisha Mustang, ile ya michezo. Sawa, hao ni wazungu, mi sijali. Lakini nikasoma Toyota nao wamefunga Premio, sedani yao, 2021, kwisha. Premio! Gari ya mwalimu mkuu! Gari ambayo mtu akiipata anaanza kusema polepole na kukohoa kabla ya kuongea kwenye mkutano wa wazazi! Nikaweka simu chini nikaangalia dari.

Mama watoto akauliza nani kafa. Nikamwambia Premio. Akageukia ukutani.

Na mi nilitaka kuelewa, sawa, Mmarekani anataka SUV ya nini? Barabara anayo, lami mpaka chooni, petroli yake nafuu. Nikasoma, kumbe mambo ni mengi. Wengine wanapenda kukaa juu waone mbele, wanasema wanajisikia salama. Wengine ni watoto na mizigo na mpira wa Jumamosi. Halafu serikali yao nayo, tangu ile sheria ya mafuta ya 1975, gari ndogo zinabanwa kivyake na hizi kubwa zinahesabiwa kivyake na zinabanwa kidogo, kwa hiyo kiwanda kikiona hivyo kinafanyaje? Kinatengeneza kubwa, faida yake nono. Hata mfanyabiashara wa kule akinunua gari nzito ambayo pamoja na mzigo inaruhusiwa kupita pauni 6,000, tani mbili na kilo mia saba hivi, ya kazi, kodi inampunguzia. Yaani unanunua zigo unapewa pole! Kumbe mwenye lami ndio anakaa juu, na sisi wenye mashimo, ambao tuta moja la kijijini linaweza kukukalia gari kama umeliendea vibaya, ndio tunaendesha za chini, kwa sababu ya bei, kwa sababu spea zimejaa soko la Kisekka, Kampala, mpaka zinauzwa na watoto, na kwa sababu mafuta. Hapo ndio hasira ilinishika nikakumbuka ya shangazi.

Hii ya shangazi lazima niseme.

Tulikuwa tunaenda matangani kule ndani, unaacha lami ya Tororo unashika murram, barabara ya udongo. Mbele shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mama mwenye mwili wake, Mungu amzidishie. Nyuma wazee wawili, mama watoto, na mtoto kwa magoti. Buti imejaa matoke. Sasa sedani nyingi ziko sentimita 15 hivi kutoka chini wakati zikiwa tupu, SUV kama Forester inafika 22. Hizo saba katikati, hizo saba, ndio heshima yote ya mwanamume. Na mimi na mzigo ule nilikuwa nimebaki na ngapi, sitaki kupima.

Tuta la kwanza. Hilo tuta halikujengwa na serikali, lilijengwa na kijiji chenyewe usiku kwa majembe kwa sababu ya kuku wa mtu aliyegongwa. Nikasimamisha. Wazee wa nyuma ni watu wa sedani, wanajua utaratibu, wakashuka bila kuambiwa, mama watoto akashuka na mtoto. Shangazi katulia, mkoba kwa magoti, anaangalia mbele.

Nikasema, "Shangazi, samahani mama, tungeomba ushuke kidogo tuvuke hapa."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu shangazi. Ni tuta."

"Si nimeliona. Livuke."

"Si wewe shangazi, si uzito. Ni sampu, inagusa chini."

"Sampu ni nani?"

Wazee wakaja dirishani wakaeleza, mmoja anaeleza na mikono, mwingine anasema ni pale panapokaa oili ya injini, ikipasuka hatufiki. Shangazi kawasikiliza wote mpaka mwisho, heshima anayo, halafu akasema, "Basi huyo Sampu ashuke yeye. Mimi nimetolewa ng'ombe, sishuki kwa ajili ya udongo. Baba yako alikuwa na baiskeli, na hakuwahi kunishusha kwenye kilima hata kimoja. Kilima! Alikuwa anasukuma mimi nimekaa."

Ungejibu nini hapo? Watoto wa kijiji wameshakusanyika. Nyuma yangu kuna Fuso ya mchanga inapiga honi. Mmoja wa wazee kaanza kutoa matoke kwenye buti mkungu mmoja mmoja ili kupunguza, bila kuambiwa na mtu, anayapanga pembeni, na mama mmoja akaja akauliza mkungu ni shilingi ngapi! Mzee kamtajia bei! Nikakimbia nikamzuia, kurudi nakuta SUV moja nyeupe inatupita pembeni, haikupunguza hata mwendo, kioo kikashuka kidogo, "poleni," kikapanda. Vumbi lote letu. Nikasema moyoni siku moja. Siku moja nitanunua yangu nipite mtu kwenye tuta nimwambie poleni.

Basi kijana wa boda akasema yeye atamvusha mama kwa elfu moja. Kuvuka tuta! Hatua sita! Shangazi hapo akachangamka, boda anajua kupanda kiti chake, akambishia mpaka mia tano, akashuka kwa raha zake, akapanda kwa upande, kitenge kikakaa sawa. Mimi nikaingiza gari upande upande, tairi moja moja, tumbo limebana mimi si gari, nikavuka. Salama. Nafungua mlango nimpokee shangazi, naona boda haijasimama. Inaenda. Shangazi hakugeuka hata nyuma.

Kumbe kamwambia ampeleke mpaka matangani. Tulivyofika, baada ya matuta mengine ambayo siyasemi, tukamkuta ameshakula, kakaa kwenye kiti kizuri, ukoo mzima umemzunguka anawaambia mtoto wa kaka yake ana gari isiyobeba watu. Na boda ananisubiri mimi. "Mama amesema wewe ndio unalipa." Elfu kumi na tano!!! Kutoka mia tano! Nikalipa, ningefanyaje, nimevaa koti.

Ndio nauliza. Fundi mmoja kaniambia niweke spesa, vile vipande vya kuinulia, kwenye springi, gari inapanda kidogo. Niliweka. Sasa inapiga kelele kwenye kona na bado chini inagusa. Mwingine kasema nunua pikapu, Hilux, ona Afrika Kusini ndio inayouzwa kuliko gari zote kwa miaka mingi, na Australia wao ni Ford Ranger 2023 na 2024. Pikapu kwa nani? Mwenye pikapu Uganda si mwenye gari, ni shirika la umma. Watakuja na jeneza, na simenti, na godoro la mtoto wa bodingi, na hakuna anayeleta mafuta, kila mtu anakuletea "Mungu atakulipa."

Lakini ngoja, hii ya pikapu nilisoma usiku huo huo ikanimaliza. Unajua kwa nini Marekani pikapu za nje haziingii hovyo? Kuku. Naapa. Miaka ya sitini mwanzoni kuku wa Marekani walikuwa rahisi wakajaa Ulaya, Ufaransa na Ujerumani Magharibi wakawatoza ushuru, Rais Johnson akakasirika naye akatoza kuanzia 1964 wanga wa viazi, dekstrini, brandi, na malori madogo. Vingine vikaja vikaondolewa, malori yakabaki mpaka leo. Asilimia 25! Namba ile ile ninayoandika mimi mezani kutwa! Kwa hiyo wenye viwanda kule wamenenepa kwa pikapu miaka yote hii hawana wa kuwasumbua, na chanzo ni mapaja ya kuku. Sisi wa mpakani hatushangai, 2021 mahindi yetu yalizuiwa hapa hapa, Kenya wakisema yana sumu ya kuvu, malori yamepanga mstari madereva wanapika ugali chini ya trela. Na 2022 Januari madereva wenyewe waligoma juu ya kulipishwa vipimo vya Korona, petroli ikapanda mpaka elfu kumi na zaidi sehemu nyingine, mwezi huo mimi na sedani yangu tulikuwa wafalme, nilikuwa nasikia harufu ya tenki tu naenda kazini.

Sasa nikiwa bado na hayo kichwani leo mama watoto kanituma kuku wa kienyeji, shemeji bado yupo, hawezi kula maharage siku mbili. Nikafika sokoni nikamshika jogoo, mwenye kuku kasema elfu thelathini na tano. Nikaanza kupunguza vizuri, tumefika thelathini, nikatoa mkono mfukoni na hela, na funguo ikatoka nayo.

Akaangalia funguo. Akaangalia barabarani, kuna gari moja tu.

"Kumbe una gari! Elfu hamsini."

Banange! Nikamwambia mama, hiyo? Hebu iangalie vizuri. Nenda uiangalie chini. Akasema gari ni gari, msomi, usinichezee. Tukabishana mpaka jogoo akachoka, nikamalizia arobaini na tano, na kamba ya kumfunga nimelipia mia tano. Nimemweka buti. Njiani alikuwa anaimba.