Oili nyekundu ya Wajapani

Nilinunua gari mpya. Kwanza tuelewane, nikisema gari mpya simaanishi mpya ya kiwandani, namaanisha mpya ya kibongo, yani imeshuka melini juzi, ina namba E, viti bado vina nailoni na ndani inanukia ile harufu ya Japani ambayo hakuna anaejua ni pafyumu gani. Subaru Forester ya 2005. Kenya hii isingeingia maana kule gari ikizidi miaka 8 hawaipokei, huku kwetu inaingia ila TRA wanakuchapa ushuru wa uchakavu, kwahiyo makaratasi ya serikali yanasema chakavu na mtaa mzima unasema mpya, na mi nipo upande wa mtaa.

Gari ikitoka bandarini kila mtu atakwambia mwaga oili kabla hujafanya chochote. Hapo hatukubishana. Ugomvi ukaja kwenye tuweke ipi, na huo ugomvi nyumbani kwangu Mbezi ulichukua wiki nzima, ulihamia mpaka kwenye sinia la wali.

Mjomba wangu, ambae ujana wake wote kaendesha Land Rover 109, alisema oili ni SAE 40, hizo zingine zenye namba mbili mbili ni biashara za vijana. Jirani wa bajaji akasema 20W-50, maana Dar joto na gari likishakua na umri linataka oili nzito. Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, akamuunga mkono jirani kwa nguvu zote. Mnamjua shemeji wa aina hii, ana boksi la spana, hana gari. Mpwa wangu yupo chuo, akachukua kile kitabu cha gari cha Kijapani akakipiga picha kwa simu, simu ikatafsiri, ikatoka 5W-30.

Shemeji akasema hao wameandika kwa ajili ya barafu ya kwao. Mpwa akamwelewesha taratibu, anko hiyo namba ya mbele yenye W ni ya ubaridi, oili ikilala usiku kucha itawahi vipi kupanda juu asubuhi ukiwasha, ya nyuma ndo inapimwa oili ikiwa ya moto nyuzi 100, na injini ikishachemka haijui kama ipo Sapporo au ipo Mbezi. Shemeji akamwangalia, akaenda kwenye mlango wa dereva ambako kulikua na kibandiko cha Kijapani kina namba, akasema basi nisomee na hii 29, au ndo daraja la oili yenyewe? Mpwa akapiga picha tena kwa simu, akasema hapana anko, hiyo ni tarehe waliyomwaga oili, mwaka wa 29 wa mfalme wao wa wakati ule, yani 2017.

Shemeji akasema mfalme na oili wapi na wapi.

Nikaenda maduka ya spea ya Gerezani nikanunua galoni ya lita 4 ya 5W-30 na filta, nikakagua sili ya mfuniko mpaka muuzaji akakasirika maana oili feki nazo zipo, nikarudi. Shemeji akaipokea galoni kwa mkono mmoja kama mtu aliyepewa maji ya chumvi. Lakini kazi ataifanya yeye, maana kumpelekea fundi kazi ya kumwaga oili wakati yeye yupo ni kumdhalilisha, na mama watoto alishanipa lile jicho.

Jumamosi asubuhi tukapandisha tairi za mbele kwenye mbao, shemeji akaingia chini na spana namba 17, mi nimeshika tochi, mjomba kaletewa kiti, jirani wa bajaji kaja na dumu tupu maana alitaka oili chafu akapake mbao za banda la kuku, mchwa wanammaliza. Hadhira ya kutosha.

Bolti ikafunguka. Ikatoka oili nyekundu.

Sio nyeusi. Nyekundu, imefifia kidogo, unaona mpaka chini ya beseni. Pakawa kimya, halafu shemeji akatoka chini ana mafuta mpaka kwenye nyusi anacheka, anasema mmeona? Mmeona gari hili halijatumika? Oili ya 2017 na bado safi hivi! Mjomba akasema Wajapani kiboko. Mama watoto akachungulia akauliza sasa si tungeirudisha tu, kuna haja gani ya kumwaga kitu kizuri hivi, na mnisamehe lakini kuna sekunde hapo wote tulifikiria. Jirani akauliza oili nyekundu inaua mchwa kweli, shemeji akamwambia hii ndo inaua zaidi, ya Japani hii. Jirani akabeba dumu lake kwa furaha.

Ikaja filta. Filta ilivyofunguliwa ikamwaga oili nyeusi tii. Mpwa akasema anko, mbona huku nyeusi na kule nyekundu? Shemeji hata hakusita, akasema sasa filta kazi yake nini, si kushika uchafu? Uchafu wote upo humo ndo maana kule imebaki safi. Jamani mi nimesikia watu wakijitetea mahakamani ila maelezo yaliyonyooka namna ile sijawahi kuyasikia, hata mpwa na chuo chake alinyamaza.

Tukaweka oili mpya. Shemeji anamimina, anachomoa stiki anapima, anasema bado. Anamimina, anapima, bado. Lita 4 zote zimeisha, stiki inaonesha ipo chini kidogo ya alama, palepale ilipokua mwanzo. Akasema oili nyepesi hii ndo tabia yake, inachelewa kushuka, nilisema mimi. Tukangoja. Akapima, palepale. Basi mpwa akarukia bodaboda kufuata lita nyingine, ikaja, ikamiminwa yote, stiki palepale, haijapanda hata unywele. Mjomba akatoa hukumu kwamba gari za kisasa zinanywa. Shemeji akafunga mfuniko akasema itajaa ikizunguka, washa.

Nikawasha.

Ile sauti sijui niielezeje, injini ilikua nzito, inanguruma kwa ndani, na baada ya muda kidogo nyuma ukaanza kutoka moshi mweupe wenye ubluu, kwanza kidogo, halafu nikaacha kuuona ukuta wa jirani, halafu nikaacha kumuona jirani. Wanawake wakaanza kuanua nguo. Mtoto mmoja akapita anapiga kelele wanapuliza mbu, wanapuliza mbu, na wenzake wakaja kucheza kwenye moshi. Shemeji anapiga boneti kwa kiganja anasema usizime, inachoma uchafu, toa gari barabarani ipate upepo!

Nikaweka D. Gari imetulia. Nikakanyaga mafuta, injini inalia, moshi unaongezeka, gari imetulia. Nikaweka R, kuna kitu kinalia wiii chini ya miguu yangu, gari imetulia. Mjomba akaniambia toa hendibreki. Imetoka mjomba. Akasema basi itoe tena.

Hapo nikazima nikampigia fundi wa Kimara, shemeji akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba akisema ananawa.

Fundi akaja na boda, hajauliza gari imefanya nini, kauliza oili mliyomwaga iko wapi. Ndo tukamkuta jirani keshapaka nusu ya banda, mbao zinang'aa, kuku wamesimama mbali wanaangalia. Fundi akapitisha kidole kwenye ubao, akakisugua na dole gumba, akanusa, akanigeukia akasema boss, hii ni haidroliki ya giaboksi.

Kumbe Subaru ya automatiki chini kuna bolti ya injini na nyuma yake kuna bolti ya giaboksi, na zote zinafunguka na spana hiyohiyo 17. Shemeji alikausha giaboksi, ndo maana gari haikutembea, pampu inavuta hewa. Na injini ilikua na oili yake kama lita 4 za kutoka Japani, tukaiongezea 5 juu yake, krenki ikawa inapiga oili kama mtu anakoroga mayai, povu tupu, na ile nyingine ikasukumwa kwenye njia ya hewa ikaenda kuungua. Fundi alifungua filta ya hewa ikawa imelowa oili. Tena akasema mna bahati mmezima mapema, mngeendelea kuikanyagia mngekua mnatafuta injini Ilala sasa hivi.

Akamwaga injini, madumu mawili ya jirani yakajaa safari hii nyeusi ya kweli. Mpwa akatumwa tena haidroliki na oili, boda akawa keshatuzoea anatusubiri getini. Giaboksi ikajazwa, gari ikawashwa, fundi akapitisha gia moja moja, akapima ikawa vizuri, ikatembea mpaka kwenye kona na kurudi, na moshi wake mwembamba wa kumalizia.

Ila mi kuna kitu kilikua kinanisumbua. Nikamuuliza fundi, sasa tulivyokua tunamimina mbona stiki haikupanda? Lita 5 zote zile? Fundi akasema nioneshe mlipima wapi. Tukamwita shemeji, akaja amenawa kabisa, akanyoosha kidole kwenye stiki moja ndogo imejificha huko nyuma karibu na ukuta wa injini.

Fundi akacheka mpaka akashika boneti. Akasema Subaru hii ina stiki tatu, ile pale mbele ya injini, ile ya giaboksi, na hii unayonionesha ni ya difu ya mbele, ile inayozungusha tairi, ina oili yake peke yake. Ungemimina hata pipa zima kwenye injini hii isingepanda.

Akaichomoa, akaipangusa, akaichovya tena, akaiinua juani akaiangalia vizuri.

"Ila difu kweli imepungua kidogo."

Mama watoto akanigeukia palepale: "Umesikia? Sasa kaka angu unamlaumu wa nini?"