Dalmiya hakuiuza kriketi

Mwandishi, katika makala yako umemwita Jagmohan Dalmiya, aliyekuwa kiongozi wa bodi ya kriketi ya India, "dalali aliyeiuza kriketi ya India". Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Kabla yake, televisheni ya taifa, Doordarshan, ilitaka bodi ya kriketi iilipe ndipo irushe mechi! Dalmiya alikataa, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1995 majaji wakaamua kwamba mawimbi ya hewani ni mali ya umma, si ya Doordarshan peke yake, hivyo bodi ikaweza kuuza haki za kurusha mechi kwa vituo vingine. Fedha zote zinazoonekana leo zilianzia hapo.

Sisi wa Nairobi tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Yale mashindano ya kimataifa ya kriketi ya mtoano yaliyochezwa hapa kwenye uwanja wa Gymkhana Oktoba 2000, New Zealand wakaifunga India fainali, yalikuwa wazo lake.

Kosa lake nalijua: aling'ang'ania madaraka, na wengi aliwakanyaga. Lakini umeandika kwamba alifukuzwa na bodi mwaka 2006 kwa tuhuma za fedha za Kombe la Dunia la 1996, kisha ukanyamaza. Mbona hukusema bodi hiyohiyo ilifuta tuhuma hizo mwaka 2010, na Machi 2015 ikamrudisha kuwa rais wake? Alifariki Septemba mwaka huohuo, akiwa bado kwenye kiti. Tafadhali rekebisha makala.