Mawimbi ya Dodoma

Kazi yangu kwenye aplikesheni yetu ya habari ilikuwa sura tu: kadi ya hali ya hewa ikae juu ya habari, namba kubwa ya joto, alama ya jua au wingu, na chini ukanda mwembamba wa bluu kwa ajili ya wavuvi. Ukanda ule niliupenda kuliko vyote. Hujitokeza pale tu ulipo pakiwa baharini au ufukweni, ukitaja urefu wa mawimbi. Nilimuwaza mvuvi wa Nungwi akichungulia simu kabla ya kushusha ngalawa.

Aplikesheni ikaenda hewani Januari. Dar es Salaam nzima inachemka, kadi inasema nyuzi 4. Ofisini hakuna aliyeshtuka, maana kiyoyozi chetu kimegoma kwenye 16 na rimoti ilishapotea zamani. Wote tumevaa masweta. Mhariri akaitazama kadi, akajikunyata, akasema, "Hiki kitu kiko sahihi kabisa."

Akapiga baba mdogo kutoka Dodoma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, simu inaniambia mawimbi mita 2, vyombo vidogo vichukue tahadhari. Mimi nina shamba la zabibu. Mtumbwi nautoa wapi?"

Nikamwambia azime simu aiwashe tena, dawa yetu watu wa kompyuta kwa kila ugonjwa. Akanirudia baadaye: "Sasa yamefika mita 3."

Hapo ndipo developa, mwandika programu wetu, akazitupa nukta za miji yote kwenye ramani. Orodha yetu ya miji imeandikwa longitudo (mashariki-magharibi) kwanza, wauza utabiri tunaochukua kwao namba za hali ya hewa wanasoma latitudo (kaskazini-kusini) kwanza, na ile alama ya kutoa iliyomaanisha kusini ikawa magharibi. Dar es Salaam imehamia Hispania, maeneo ya Cáceres, inapigwa na baridi ya huko. Mombasa ni jirani wa Toledo. Dodoma, isiyojua hata harufu ya chumvi, imetumbukia Atlantiki nje kidogo ya Tangier, Moroko. Na Nungwi yangu? Bara kabisa, magharibi mwa Hispania, ukanda wa bluu haujawahi kuonekana.

Developa akamlaumu muuza utabiri, muuza utabiri akamlaumu developa, namba zikageuzwa, kadi ikasema 32. Jioni msomaji wa Dar akatuandikia: "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Hii mpya ina joto sana."