"Fault" si kosa kila mahali

Ukiniuliza neno la Kiingereza linalowaponza watafsiri wengi, sitataja istilahi za kitaalamu. Nitataja "fault". Ni fupi, kila mtu anadhani analijua, na jibu liko mdomoni tayari: kosa.

Tatizo ni kwamba Kiingereza kimelibebesha neno hili mambo mawili, upungufu wa kitu na hatia ya mtu. Waya ukikatika ndani ya mashine, hiyo ni "fault". Dereva akipita taa nyekundu akamgonga mtu, hiyo nayo ni "fault" yake. Kiswahili hakikubali mchanganyiko huo. Mashine ina hitilafu. Dereva ana kosa. Kukosea kunataka mwenye akili ya kuchagua, kwa hiyo nikisoma "kosa la umeme" najua mwandishi alikuwa na haraka.

Wanajiolojia nao wana yao. Kwao "fault" ni ufa ambao miamba ya pande zake mbili imesogea. Ufa wa San Andreas huko California, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200, ndio ulioleta tetemeko la San Francisco mwaka 1906. Nani atathubutu kuuita ufa huo kosa la San Andreas? Kwenye tenisi, lakini, mpira wa kuanzisha ukianguka nje ya eneo lake, "kosa" linatosha kabisa.

Utamu uko kwenye sheria. California ilipitisha mwaka 1969 sheria ya talaka, ikaanza kutumika 1970, ambayo haimtaki mwombaji athibitishe kuwa mwenzake ametenda ubaya. Kwa Kiingereza huitwa talaka ya "no-fault". Itafsiri "talaka isiyo na kasoro" uone watu watakavyocheka, maana hiyo ni talaka iliyofana! Mimi ningesema talaka isiyotafuta mkosaji.

Kasoro yenyewe haina lawama ndani yake. Tunasema saa nne kasoro dakika tano, wala hakuna aliyemkosea mtu. Kimepungua kitu, basi. Ndiyo maana mtu wa "find fault" kwetu ni mtoa kasoro: anatafuta kilichopungua hata pale pasipo na mkosaji. Na yule aliye "generous to a fault"? Mkarimu kupita kiasi. Hapo neno lenyewe linatoweka, na sioni sababu ya kulililia.

Ninachokipenda katika mgawanyo wetu ni kwamba unambana mwandishi. Ripoti ya ajali kwa Kiingereza inaweza kuandika "fault" na kuliacha swali likielea. Kwa Kiswahili lazima uamue: chombo kilikuwa na hitilafu, au fundi alikosea? Wasemaji wa mashirika wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana "hitilafu ya kiufundi" huwatoka midomoni kabla hata uchunguzi haujaanza.