Chipu zote mezani: hesabu ya hatua za mwisho za mashindano ya poka

Katika shindano kuu la World Series of Poker la mwaka 2023, lililochezwa Las Vegas kwa kiingilio cha dola 10,000, waliingia washiriki 10,043. Walipobaki tisa kwenye meza ya mwisho, kila mmoja alijua kwamba atakayetoka wa kwanza angepata dola 900,000, wa tatu dola milioni 4, wa pili dola milioni 6.5, na bingwa dola milioni 12.1. Bingwa huyo alikuwa Daniel Weinman. Mpangilio wa zawadi wa namna hii ndio unaozaa mvutano mkubwa katika hatua za mwisho za mashindano, kwa sababu mchezaji mwenye chipu chache, yaani vidonge vinavyotumika kuwekea dau, huongezewa fedha kila mwenzake anapotolewa, hata kama yeye hajagusa karata, lakini zawadi iliyo nzito kuliko zote haifikiwi na mtu anayengoja tu wenzake watoke.

Mvutano huo huonekana zaidi pale mchezaji anapoamua aweke dau la kiasi gani, kwani katika poka isiyo na ukomo wa dau anaweza kuweka kidogo, au akasukuma chipu zake zote katika mkono mmoja, yaani katika mgao mmoja wa karata. Madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, yanayoitwa blaindi hupandishwa kila baada ya muda, na kwa hiyo rundo la chipu lililoonekana kubwa asubuhi huweza kuwa dogo usiku bila mwenyewe kufanya kosa lolote. Upande mmoja wa mjadala husema kwamba mchezaji ambaye rundo lake limepungua hadi blaindi kubwa kumi au chini yake hana tena nafasi ya ufundi: ama asukume zote, ama atupe karata. Upande wa pili husema kwamba kusukuma zote ni kuuweka uhai wote wa shindano kwenye karata tano za mezani zinazotumiwa na wachezaji wote, na kwamba dau dogo hufanya kazi ileile kwa hatari ndogo zaidi.

Tuupime mjadala huu kwa mfano wa wachezaji watatu waliobaki. Zawadi ni 50 kwa wa kwanza, 30 kwa wa pili na 20 kwa wa tatu. Asha ana chipu 5,000, Bakari ana 3,000 na Chande ana 2,000. Wachezaji wengi hukadiria thamani ya chipu kwa hesabu iitwayo ICM, ambayo huchukulia kwamba nafasi ya mtu kushika namba ya kwanza ni sawa na sehemu yake ya chipu zote, kisha hufuata utaratibu huohuo kwa nafasi zinazobaki. Kwa hesabu hiyo, rundo la Asha lina thamani ya 38.4, la Bakari 32.75 na la Chande karibu 28.9. Asha ana chipu mara mbili na nusu ya za Chande, ilhali thamani yake haimzidi hata kwa mara moja na nusu.

Sasa Asha asukume, na Bakari awe ndiye wa kuamua. Akifuata, yaani akiweka chipu zake kulingana na dau la mwenzake, na kushindwa, anatoka na 20. Akishinda, anakuwa na chipu 6,000 zenye thamani ya 41. Tukiziacha blaindi kando, ili asipate hasara katika uamuzi huo Bakari anahitaji uwezekano wa kushinda wa karibu asilimia 61, ingawa kwa hesabu ya chipu tupu asilimia 50 ingetosha. Tugeuze mambo: Bakari ndiye amesukuma na Asha ndiye anayeamua kufuata. Asha anahitaji karibu asilimia 54 tu, kwa kuwa akishindwa bado anabaki mezani na chipu 2,000. Na kama Bakari angekuwa anapambana na Chande badala ya Asha, angehitaji karibu asilimia 53. Mtu yuleyule mwenye karata zilezile hupaswa kuamua tofauti kabisa kulingana na nani aliye mbele yake, na hapa ndipo wachezaji wengi wanaojiona jasiri hupoteza fedha.

Hali huwa kali zaidi pale ambapo mmoja tu ndiye atakayetoka mikono mitupu. Wakiwa wanne wenye chipu sawa, na zawadi zilezile tatu, anayefuata dau la chipu zote huhitaji zaidi ya asilimia 65. Ree na mfalme wasio wa aina moja hushinda karata zozote mbili za kubahatisha kwa karibu asilimia 65 pia. Maana yake ni kwamba hata kama una hakika kuwa mwenzako amesukuma bila kuangalia karata zake, ree na mfalme wako wamesimama ukingoni kabisa mwa kufuatwa au kutupwa. Sijui hesabu nyingine katika mchezo huu inayokwenda kinyume na hisia za mchezaji kama hii.

Kutokana na hesabu hizo ninaegemea upande wa anayesukuma dhidi ya anayefuata. Anayesukuma ana njia mbili za kushinda, yaani mwenzake kutupa karata au karata zake mwenyewe kuwa bora mwishoni. Anayefuata ana njia moja tu. Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi kuhalalisha kusukuma zote kila mara, na wanaopenda dau dogo wana hesabu yao pia. Blaindi zikiwa 100 na 200, pamoja na mchango wa lazima wa 200 unaowekwa kabla ya karata kugawiwa, katikati ya meza kuna chipu 500 kabla ya mtu yeyote kucheza. Chande akisukuma 2,000 zake akiwa na karata zisizo na tumaini lolote, anahitaji wenzake watupe mara 80 katika 100. Akipandisha hadi 400 tu, mara 44 zinamtosha. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Lakini karata zisizo na tumaini lolote ni nadra. Chukua karata ambazo zikifuatwa hushinda mara 35 katika 100: kwa hesabu ya chipu, Chande akisukuma anahitaji wenzake watupe karibu nusu ya mara zote. Halafu tazama kinachompata aliyeanza na 400 pale mwenye blaindi kubwa anapomrudishia kwa kusukuma zote. Chande anatakiwa kuongeza 1,600 ili kugombea jumla ya 4,300, na kwa hiyo asilimia 37 zinatosha kumlazimisha afuate. Dau dogo lililokusudiwa kumwachia mlango wa kutokea linakuwa limeufunga. Ndiyo maana kwa rundo la blaindi kumi ninaona kusukuma ndiko kwenye mantiki kwa karata nyingi, ilhali kwa rundo la kumi na tano kama la Bakari, au ishirini na tano kama la Asha, dau dogo hurudisha uhai wake. Asha hasa hana sababu ya kuweka dau kubwa. Bakari anajua kwamba kila chipu anayoiweka leo inaweza kumpeleka kwenye uamuzi wa asilimia 61 kesho, na tishio hilo linatosha kumfanya atupe karata nzuri mbele ya dau la 400.

Wapo wanaoipinga ICM yenyewe, na sioni kuwa wanabishana bure. Hesabu hiyo huwachukulia wachezaji wote kuwa na ujuzi sawa, na haitazami nani analipa blaindi kubwa katika mzunguko unaofuata. Chande mwenye chipu 2,000 ambaye amekwisha kulipa hayuko sawa na Chande mwenye 2,000 ambaye zamu yake ya kulipa inafuata. Zaidi ya hayo, haimpi Asha thamani ya ziada kwa uwezo wake wa kuwabana wenzake mkono baada ya mkono. Wachezaji wanapokubaliana kugawana zawadi kwa kufuata ICM, mara nyingi anayekataa ni yule anayeamini kwamba ujuzi wake umeachwa nje ya hesabu, na mara nyingine ana haki. Anayeifuata kwa utiifu kupita kiasi huishia kungoja hadi rundo lake linapokuwa dogo kiasi kwamba hakuna anayeogopa akisukuma, na hapo ngoja ngoja yake imekwisha kumuumiza.

Wakibaki wawili, mjadala hubadilika kabisa. Mwaka 2003, Chris Moneymaker, aliyeingia katika shindano hilohilo la Las Vegas kupitia mchujo wa mtandaoni, alibaki na Sam Farha. Katika mkono mmoja Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na saba ya kopa, akawa anangoja shupaza nyingine, au tano au kumi ya kukamilisha mfululizo. Hakuna kilichokuja. Kwenye karata ya mwisho alisukuma zote, na Farha, aliyekuwa na jozi ya tisa, jozi ya juu kabisa kwa karata za mezani, akafikiri kwa muda mrefu kisha akatupa.

Zawadi ya pili, dola milioni 1.3, kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuipata. Kilichokuwa kikigombewa kilikuwa tofauti ya dola milioni 1.2 hadi kufikia milioni 2.5 za bingwa, na wachezaji wawili wanapogombea tofauti moja, kila chipu huwa na thamani sawa na nyingine. Asilimia 61 za Bakari hazimhusu Farha. Aliyetazama jozi ile ya tisa alikuwa na swali moja tu la kujibu, kama Moneymaker alikuwa akizuga au la, na hakuna hesabu ya zawadi ambayo ingeweza kumtetea kwa kutupa.