Mwalimu wa WhatsApp anasemwa kuliko anavyosikilizwa

Mwalimu anayefundisha kwa WhatsApp hana watetezi wengi. Mkuu wa shule anahisi anakwepa kipindi, mzazi anaona anampa mtoto kisingizio cha kushika simu, na ofisini wenzake wanamtania. Hoja zao si za hovyo, nitazifikia. Ila wengi wanaozitoa hawajawahi kuingia kwenye kundi la namna hiyo wakaona kinachoandikwa mle.

Chukua kemia ya kidato cha tatu, mada ya mole, yaani kipimo cha wingi wa chembe za dutu. Saa tatu usiku mwanafunzi anaandika: "Samahani mwalimu, ile 22.4 tunaitoa wapi?" Ni swali la msingi kabisa. Hiyo ni lita za mole moja ya gesi katika halijoto na kanieneo sanifu, na asiyejua hivyo atakariri kila hesabu inayofuata bila kuielewa. Mchana alikuwepo darasani na hakuuliza, kwa sababu sekondari za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na kuuliza kwa Kiingereza mbele ya darasa lililojaa ni kujitakia kuchekwa. Usiku anauliza kwa Kiswahili. Mwalimu anapiga picha karatasi aliyoandika kwa mkono, ile namba ameizungushia wino mwekundu, kisha anarekodi sauti ya dakika mbili. Haupiti muda wanatokea wengine: "hata mimi nilikuwa sijaelewa."

Wapo wanaosema watoto waelekezwe kwenye majukwaa rasmi. Ni kweli, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na Kenya ilipofunga shule Machi 2020, taasisi yake ya mitaala, KICD, ilipeleka vipindi redioni, kwenye runinga na YouTube. Kazi nzuri. Lakini piga hesabu ya bando. Dakika moja ya sauti ya WhatsApp haifiki hata MB moja. Sauti ya saa nzima haimalizi MB 20. Video ya saa moja hula mamia ya MB, hata ukipunguza ubora wake. Sasa simu yenyewe ni ya mama, mama anarudi kutoka gengeni saa mbili usiku, na bando alilojiunga ni la siku. Kwa nyumba hiyo, tofauti ya MB 20 na MB 300 ndiyo inayoamua kama mtoto atasoma leo au atalala. Halafu kampuni za simu zimezoea kuuza vifurushi vya bei ya chini vya mitandao ya kijamii pekee, ambavyo havifungui tovuti ya taasisi ya serikali hata iwe nzuri vipi. Mwalimu amepeleka somo mahali ambapo mzazi ameshalipia.

Kuhusu kupoteza umakini, ripoti ya UNESCO ya 2023 juu ya teknolojia katika elimu iliwapa wapinzani silaha: mwanafunzi akishavurugwa na simu, inaweza kumchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye somo. Sibishi. Ila huko ni simu mkononi wakati kipindi kinaendelea. Shule zetu nyingi, hasa za bweni, haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Kundi linafanya kazi jioni kwa wa kutwa na likizoni kwa wa bweni.

Wizi wa mitihani ni hoja nzito zaidi. Wakati wa KCSE ya 2024, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza Telegram ifungwe, kwa sababu ya chaneli zilizokuwa zikiuza karatasi za mitihani, za kweli na za uongo. Waliofungiwa ni pamoja na watahiniwa waliokuwa wakijisomea humo kihalali.

Hoja inayonifanya nisite ni moja: ujumbe wa faragha. Mwalimu mwanamume mwenye namba ya binti wa miaka 15, usiku, bila shahidi. Hapa wazazi wana haki ya kuogopa, na mwalimu mwema hapaswi kuudhika akiambiwa hivyo. Kundi liwe na mwalimu wa pili na wazazi wenyewe ndani, maswali yote yaulizwe humo humo, na anayemfuata mtoto pembeni awajibishwe kama aliyemwita chumbani kwake. Waraka mfupi wa wizara unatosha kuyasema hayo, kuliko katazo la jumla ambalo litawaondoa waangalifu na kuwaacha wajanja.

Chaki inanunuliwa na shule, lakini bando linatoka mfukoni mwa mwalimu, na jibu la saa tatu usiku halimo kwenye ratiba yoyote. Akianza kuchangisha wazazi, darasa lake limegeuka tuisheni, na mtoto wa mama wa genge ndiye wa kwanza kutolewa kwenye kundi. Kabla ya kumwita mwalimu ofisini, mkuu wa shule angetenga kwanza fungu dogo la bando kwenye ruzuku ya uendeshaji, kisha ndipo amdai orodha ya maswali aliyojibu.